Kutuma faili usiku kwa skripti: nilivyoshughulikia makosa ya kuingia kwenye seva

Kazi ilikuwa hii: kila siku saa nane usiku, faili ya CSV ya malipo itoke kwenye seva yetu ya Linux iende kwenye seva ya SFTP (njia salama ya kuhamisha faili kupitia ssh) ya mteja, bila mtu kugusa kitu. Kutuma faili ni kazi nyepesi. Kinachokula muda ni kuingia, hasa pale amri ileile ukiiandika mwenyewe inakubaliwa, lakini ikijiendesha usiku inakataliwa. Hapo wengi hukimbilia kubadili nywila. Mimi kwanza hutafuta tofauti kati yangu na skripti: inaendeshwa na nani, inatoa ufunguo upi, na seva ile inaitambua au haiitambui.

Nywila niliiacha mapema. Programu ya sftp ikipewa -b, yaani isome amri zake kutoka kwenye faili, haiombi nywila hata kidogo, kwa hiyo anayepanga kuitumia kwa nywila anakwama hapohapo. Wapo wanaopita njia ya panya kwa sshpass, programu inayojaza nywila kwa niaba yako. Inafanya kazi, ila nywila inabaki imeandikwa wazi mahali fulani. Nilifungua akaunti ya kazi hii peke yake, nikaiita mtuma, kisha nikatengeneza jozi ya funguo isiyo na nywila yake:

sudo -u mtuma -H ssh-keygen -t ed25519 -N "" -f /home/mtuma/.ssh/malipo

Mteja anatumiwa malipo.pub tu, yaani ufunguo wa hadharani. Ile isiyo na .pub haitoki kwenye seva yako, hata akiiomba kwa upole, na kuna wanaoiomba. Mipangilio nikaiweka kwenye /home/mtuma/.ssh/config ili skripti ibaki fupi:

Host mteja
  HostName sftp.example.com
  User malipo_in
  IdentityFile ~/.ssh/malipo
  IdentitiesOnly yes
  ConnectTimeout 20

Na skripti yenyewe, tuma.sh:

#!/bin/bash
set -eu
export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
F=malipo-$(date +%F).csv
cd /srv/malipo
sftp -b - mteja <<MWISHO
put $F inbox/$F.part
rename inbox/$F.part inbox/$F
MWISHO

Faili inapanda kwa jina la .part na kubadilishwa jina ikishafika yote, ili programu ya upande wa pili isije ikaichukua nusu. Put au rename ikishindwa, sftp inaacha palepale na kutoa namba ya kosa. Amri ambayo hujali ikishindwa, iwekee alama ya - mbele yake, kwa mfano -rm.

Mstari wa TZ (ukanda wa saa) si pambo. Seva nyingi za kukodi zinatumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Saa nane usiku kwetu ni 23:00 ya jana yake kwenye seva, hivyo date ikiachwa hivihivi inatafuta faili ya jana. Siku za juma nazo zinasogea: ukitaka Jumatatu hadi Ijumaa alfajiri yetu, kwenye cron, yaani kipanga ratiba cha Linux, unaandika Jumapili hadi Alhamisi:

0 23 * * 0-4 /usr/bin/flock -n /tmp/malipo.lock /home/mtuma/tuma.sh >> /home/mtuma/tuma.log 2>&1

Flock inazuia kazi hii kujiendesha mara mbili kwa wakati mmoja. Usiweke date +%F ndani ya crontab (faili ya ratiba hiyo) kwenyewe, maana cron huigeuza alama ya % kuwa mstari mpya. Ndiyo maana imekaa ndani ya skripti.

Sasa makosa. La kwanza kabisa kwa kazi mpya ni "Host key verification failed". Wewe uliwahi kuingia kwenye seva ile, ukajibu yes, ikaandikwa kwenye known_hosts yako, orodha ya seva unazozitambua. Mtuma ana known_hosts yake, tena tupu, na kwenye -b hakuna wa kuulizwa. Nilichukua ufunguo wa seva kwa ssh-keyscan -t ed25519 sftp.example.com, nikautoa alama yake ya utambulisho kwa ssh-keygen -lf, nikampigia simu fundi wa upande wa pili tukasomeana herufi kwa herufi, ndipo nikauingiza. Njia ya mkato ya StrictHostKeyChecking no siiweki kwenye faili za malipo: yeyote atakayejifanya seva ile atapokea orodha nzima ya wanaolipwa. Logi ikisema ufunguo umebadilika, simu kwanza, ssh-keygen -R baadaye.

"Permission denied" ndilo lenye sababu nyingi. Jaribu ukiwa mtuma, si ukiwa wewe:

sudo -u mtuma -H sftp -v mteja

Soma mistari mitatu tu. "Authentications that can continue" inataja njia ambazo seva inazikubali. Kama publickey haimo, mteja hajaruhusu funguo na huna la kurekebisha kwako. "Offering public key" inaonyesha ufunguo uliotolewa. Kama wako hauonekani, basi haujasomeka: njia ya faili si sahihi. Ruhusa za faili zikilegea, ssh nayo inagoma kuutumia. Ruhusa za 0644 hazitakiwi. Weka chmod 600 kwa faili na 700 kwa folda ya .ssh. Ukiona Offering bila "Server accepts key", tatizo liko upande wa pili. Nimekuta ufunguo umebandikwa ukakatika mistari miwili, jina la mtumiaji limekosewa, au folda ya nyumbani ya mtumiaji inaruhusu kundi zima kuandika, jambo ambalo sshd (programu ya ssh upande wa seva) hailikubali. Fundi wao ataliona kwenye /var/log/auth.log kwa Ubuntu na Debian za kabla ya toleo la 12, au /var/log/secure kwa jamii ya Red Hat. Kama seva yao ni Windows na akaunti ni ya msimamizi, ufunguo hausomwi kwenye folda ya mtumiaji bali kwenye C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys. Hili linawapotezea watu siku nzima.

Kuna wakati ufunguo unakubaliwa, halafu muunganisho unakatika bila maelezo. Mara nyingi mteja amewafungia watumiaji ndani ya folda kwa ChrootDirectory, na folda hiyo si mali ya root au inaandikika na wengine. Na ukikuta "Received message too long", mtu ameweka echo ya salamu kwenye .bashrc ya seva ile. Salamu hiyo inaingia katikati ya mazungumzo ya sftp.

"Too many authentication failures" huwapata wenye funguo nyingi kwenye ssh-agent, programu inayowashikia funguo. Kila ufunguo unaotolewa unahesabiwa kama jaribio, na kikomo cha kawaida cha seva ni 6. IdentitiesOnly yes inamaliza hilo. Agent huyohuyo anaficha tatizo la kinyume: ukiingia kwa mkono unapita kwa ufunguo alioushika yeye, wakati cron haimjui kabisa. Kwa hiyo jaribio ninaloliamini ni la mazingira matupu:

sudo -u mtuma env -i HOME=/home/mtuma PATH=/usr/bin:/bin /home/mtuma/tuma.sh

Likipita hili, cron nayo itapita.

Seva za zamani zina lao. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021 iliacha kukubali kwa kawaida sahihi za ssh-rsa zenye SHA-1 (njia ya zamani ya kuthibitisha ufunguo), ndiyo maana skripti iliyotulia miaka inaanza kugoma baada ya kusasisha mfumo. Ikiwa -v inasema "no mutual signature algorithm", ongeza PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa chini ya Host huyo pekee, huku ukimsukuma mteja asasishe.

Usiifanye skripti irudie kuingia mfululizo ikikataliwa. Fail2ban, programu ya seva inayozuia wanaokosea kuingia mara nyingi, kwa mipangilio yake ya kawaida hufungia anwani baada ya makosa 5 ndani ya dakika 10, na kosa linageuka ghafla kuwa "Connection refused" ukadhani seva imezimwa.

Kwa ofisi zilizo kwenye Windows natumia programu ya WinSCP kupitia faili yake ya winscp.com (si tovuti), si winscp.exe, pamoja na /ini=nul, /script na /log, na ufunguo wa seva nautaja kwa -hostkey, maana kazi ya Task Scheduler huendeshwa na akaunti nyingine isiyo na kumbukumbu zako. Kama mteja anang'ang'ania nywila, alama maalumu za nywila hiyo zigeuzwe ndani ya anwani ya muunganisho: @ inakuwa %40, / inakuwa %2F, # inakuwa %23, na % yenyewe %25. Ukiiandika moja kwa moja kwenye faili ya .bat, kila % iandike mara mbili, %%40, la sivyo Windows inaimeza na seva inapokea nywila nyingine kabisa.