Kipimo cha 42

Jana jioni binti yangu alikuwa akirudia sonata ya kinanda ya Mozart, ile yenye namba K. 545, na alipofika kipimo cha 42, yaani kile kipande cha 42 kati ya mistari ya wima ya noti, akaondoa mikono kwenye kinanda. "Mama, hapa wimbo umerudi, lakini mbona haukurudi mahali pake?" Nilikuwa nikichagua mchele, nikauweka ungo chini.

Sonata hiyo hiyo niliwahi kupewa niichambue, nikiwa mtoto wa kwaya niliyezijua do-re-mi kuliko noti za mistari. Mwaka 1788 Mozart aliiandika katika orodha ya kazi zake kuwa ni ya wanaoanza kujifunza, nami nikadhani itanichukua nusu saa. Nikaipanga kama tulivyofundishwa: lahani ya kwanza katika C meja, ufunguo wa nyumbani, ya pili katika G kuanzia kipimo cha 14, ukuzaji, yaani sehemu ya kati inayotangatanga, unaoingia kwa G maina kipimo cha 29, kisha nikatafuta C inaporudi. Nikaikuta kipimo cha 59, nikachora mstari mnene: marejeo, ile sehemu ya mwanzo inaporudi, yanaanza hapa.

Mwalimu hakubishana nami. Aliufunika ukurasa kwa kiganja, akapiga mwanzo wa sonata, akaniambia niimbe silabi zake, do ikiwa noti ya nyumbani ya lahani. Do, mi, so, ti, do, re, do. Akapiga tena, safari hii kuanzia kipimo cha 42, nami bila kusita nikaimba zile zile: do, mi, so, ti, do, re, do. Akanyamaza kidogo. "Sasa nionyeshe do yako." Nikaitafuta kwenye kinanda, na kidole kikatua juu ya F. Mdomo ulikuwa umeshahama na lahani, penseli ikabaki inasubiri C.

Mstari wangu ulifutwa, na nadhani kwa haki. Wapo wanaosema Mozart alikwepa kazi tu, kwa kuwa kutoka F kwenda C ni sawa na kutoka C kwenda G, hivyo angeweza kunakili lote lile daraja linalounganisha lahani ya kwanza na ya pili. Hilo silikubali, maana daraja lenyewe alilirefusha kwa vipimo vinne, mkono wa kushoto nao ukipewa zamu ya kupanda na kushuka ngazi za noti. Ila kila nikisikia kipimo cha 59, lahani ya pili inapotua katika C, mkono wangu bado unatamani penseli.

"Wimbo umerudi," nikamjibu binti yangu, "nyumbani ndiyo bado."

"Kwa hiyo marejeo ni wapi?"

Nikamwambia aendelee kupiga, na akisikia amefika anyamaze. Akapiga mpaka mwisho bila kusimama.