Noti za panya pale Mauerpark

Mi nlijua ni stempu. Jumapili moja tuko soko la vitu vya zamani Mauerpark, Berlin, na binamu yangu anayeishi kule, nikaona mzee kaweka albamu imejaa vikaratasi vya rangi. Nafungua, kumbe ni noti za zamani za miji ya Ujerumani. Za mji wa Hameln zina panya kibao na yule mpiga filimbi wa hadithini aliyewatoa panya mjini. Bielefeld wao walichapa mpaka kwenye hariri, yani hela ya kitambaa! Naumburg wameweka hadithi nzima, watoto wamechorwa kama vivuli wanaenda kuwaomba maadui wauache mji, wanapewa cheri.

Mzee kuona nimenogewa akaanza kusimulia, binamu anatafsiri nusunusu. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914 watu wakaficha sarafu za madini ya fedha, serikali nayo ikataka nikeli na shaba za silaha, basi chenji ikapotea madukani. Kwetu muuza duka akikosa chenji anakupa pipi, wenzetu miji yenyewe ikachapa vinoti vya pfennig (senti zao) 10, 25, 50, vya kutumia palepale. Sawa. Ila utamu uko 1921, watu washaanza kuvikusanya, miji ikanusa biashara ikawa inatoa seti na seti, maana kila noti inayobaki kwenye albamu ya mtu haiji kurudishwa mji uilipe, hiyo ni faida ya mji, na vingine vilitoka muda wake wa kutumika umeshapita! Binamu akasema huo wizi, mi nikabisha, mtu kanunua picha anaipenda kaibiwa nini? Tukabishana pale mzee anacheka tu na Kiswahili chetu hakielewi.

Akatuonyesha na za 1923, bei zilipopanda kichaa, masifuri mpaka basi, sikuziangalia sana, zile kila mtu anazijua.

Kufunua ukurasa mwingine nikakuta noti za pfennig 75, zimeandikwa Deutsch-Ostafrika, yani Afrika Mashariki ya Mjerumani, kwetu huku. Ni za mwaka 1922 hivi, za kukumbuka makoloni, wakati Dar ilishachukuliwa na Mwingereza tangu 1916 na mkataba wa Versailles wa baada ya vita ukawanyang'anya makoloni yote 1919. Binamu akaiangalia weee, akasema, "Kwa hiyo hawa bado walikuwa wanatudai?"

Mi nikachukua panya wangu wa Hameln. Hiyo nyingine kainunua yeye, nikamwambia kaka achana nayo, hasikii. Kaichomeka kwenye faili la risiti zake za kodi, eti wakija kudai tena ana ushahidi.