Kirikuu ikitetemeka ukiachia klachi, usikimbilie kununua pleti ya klachi

Basi bana, hii kirikuu yangu (Suzuki Carry DA63T, ile ya cc 660) nina mwaka wa tatu nayo, nabebea maji ya kuuza, na kama unaijua Goba ya Dar unavijua vile vilima vyake, foleni ikikukamata katikati ya mlima huna ujanja, ni kupiga balansi tu (kuishikilia gari isirudi nyuma kwa klachi na mafuta). Siku moja nikaona nikiachia klachi gari inatetemeka, na sio ule mtikisiko wa kawaida wa injini ya silinda tatu, hapana, inadunda du-du-du-du mpaka madumu kule nyuma yanagongana, halafu ikishaondoka imetulia zake kama vile sio yenyewe.

Nikaipeleka kwa fundi. Akavuta hendibreki, akaweka namba tatu, akaachia klachi, gari ikazima palepale. Akasema bosi, klachi imekwisha. Na mimi nikakubali! Nikikumbuka nacheka, maana gari ikizima palepale si ndio klachi inashika yenyewe, ingekuwa imekwisha injini ingebaki inanguruma huku pleti inateleza. Kuteleza ni ugonjwa wake na kutetemeka ni ugonjwa wake. Anyway, akashusha giaboksi, akafunga pleti mpya na presha pleti (ile inayoikandamiza), nikalipa, gari ikawa tamu wiki tatu hivi, ya nne du-du-du imerudi vilevile.

Ndio nikapelekwa na jirani kwa mzee mmoja anafanyia kazi chini ya mwarobaini, hana hata bango. Huyu hakugusa spana kwanza, alianza na maswali. Inatetemeka asubuhi tu au hata ikishachemka? Na rivasi je? Ukikanyaga mafuta ikiwa frii inanguruma vizuri au inakosakosa? Akasema kama ni asubuhi tu, mara mbili tatu imeacha, hasa masika, huo ni unyevu na kutu kidogo kwenye flaiwili (lile gurudumu la chuma nyuma ya injini ambalo pleti inalishika), achana nayo. Kama inaanza ukishabalansi sana mlimani, kuna uwezekano flaiwili imeungua, utaikuta na madoa ya bluu, pleti inashika inaachia inashika inaachia. Na kama hata frii inamisi, hiyo angalia plagi na koili, klachi unaisingizia bure.

Yangu ilikuwa inatetemeka muda wote, mbele na rivasi.

Akainua siti ya abiria, injini si iko hapohapo chini, akaniambia nikae kwenye usukani, hendibreki juu, niweke namba moja niachie klachi taratibu mpaka ianze kuuma, basi, nisiachie zaidi, halafu hivyohivyo na rivasi. Yeye kainama na tochi anaangalia injini inavyocheza. Maunti, ile raba inayoshikilia injini, ikiwa imekatika unaiona kabisa injini inainuka upande mmoja halafu inajibwaga. Yangu ilicheza kidogo tu, maunti nzima.

Akaingia chini, akapitisha kidole pale injini inapokutana na giaboksi, kikatoka kimelowa. Akaninusisha. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti inayokaa puani, hii haikuwa nayo, ilikuwa nyeusi inanuka kuungua, oili ya injini. Akasema sili ya nyuma ya krenki (ule mpira unaozuia oili ya injini isivujie kwenye klachi) imekwisha, na yule aliyekufungia pleti lazima aliona hapa pamelowa.

Kushusha giaboksi tena (pesa ya ufundi mara mbili hiyo aisee), na kweli, pleti ya wiki nne inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Nikamuuliza haiwezi kuoshwa na petroli? Akasema unaosha juu, ndani imeshakunywa, ikipata moto inayatoa tena. Sili yenyewe nimeinunua Gerezani, bei yake ni chakula cha mchana cha watu wawili! Akaifunga, akafuta flaiwili na petroli akapiga msasa, pleti mpya, akapaka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti maana ikizidi inarukia pleti na unarudi kulekule.

Wenye Hilux na HiAce mna la kwenu pia, ile senta beringi inayoshika katikati propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu matairi ya nyuma. Ikichoka gari inadunda ukiondoka na mzigo na utaapa ni klachi, kwa hiyo kabla hamjashusha kitu ishike propela uitingishe kwanza, na zile krosi zake (viungo vyake).

Yangu sasa hivi iko poa, mlima wa Goba napanda na madumu yametulia. Asubuhi za mvua inatetemeka mara moja au mbili nikiwa natoka getini halafu inaacha, naiacha hivyohivyo.