Leza haichomi shimo, inalitemesha

Stenlesi haipendi biti. Kila fundi aliyewahi kushika drili anaijua hiyo, ukizungusha haraka bila kulanti, yaani maji ya kupoza, na bila kukandamiza vizuri biti inaanza kusugua badala ya kukata, chuma kinakuwa kigumu papo hapo chini ya ncha na baada ya hapo hata ulie hakisongi. Shimo la milimita tano utapambana nalo tu litoke. La nusu milimita biti inakatikia ndani. La milimita 0.1, yaani limezidi unywele kidogo tu, hilo sahau kabisa.

Mimi kazi yangu ni mitambo ya maziwa hapa Nakuru, zile ATM za maziwa (mashine za kuuzia maziwa), matangi, paipu, na siku hizi wateja wa Njoro na Bahati wananiambia "fundi, si utoboe tu na leza?" Wameona video kwa simu. Kuna mzee mmoja aliniletea shiti ya stenlesi ya unene wa milimita moja anataka ijae vitundu vya milimita 0.2 iwe chujio. Sasa hapa watu wanachanganya vitu viwili. Ile mashine ya leza ya shiti, kama zile za Industrial Area Nairobi, ni ya kukata, na wenyewe watakwambia shimo lisiwe dogo sana kuliko unene wa shiti, ukishuka chini ya hapo kingo zinayeyuka na shimo linatoka na sura mbaya. Vitundu vidogo ni kazi ingine. Huko mwanga haumwagwi mfululizo, unapigwa mapigo mafupi mafupi, na kila pigo lina nguvu ya kutisha kwa muda mdogo sana.

Halafu watu hudhani leza ikishayeyusha chuma basi shimo lipo. Wapi! Kuyeyusha ndiyo sehemu rahisi. Stenlesi inayeyuka kwenye nyuzi 1400 na kitu, na kwa vile haipitishi joto vizuri kama shaba, joto linakaa pale pale lilipopigwa. Lakini ukiyeyusha ukaachia hapo kitaganda tena kikiwa kimeziba shimo lako. Kazi ni kukitoa, na anayekitoa ni mvuke wa chuma chenyewe. Juu ya kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kuna tabaka jembamba linalopata moto mpaka linachemka, tunaongea nyuzi zaidi ya 2800, mvuke unaruka kwa kasi na ukiruka unasukuma chini kile kilichoyeyuka, nacho hakina pa kwenda isipokuwa kupanda kandokando ya ukuta na kurukia nje, kama uji mzito unavyokutemea mkononi ukichemka. Kwa shimo la milimita 0.1 kwenye shiti ya milimita moja unatoa chuma cha kama miligramu 0.06, ni kama hakuna kitu, lakini ungetaka chote kigeuke mvuke ungehitaji nishati mara kadhaa kuliko kukiyeyusha na kukitema. Kwa hivyo wanakitema.

Shida ni kwamba si chote kinatoka. Kingine kinaganda ukutani, kingine kinarudi kukaa mdomoni mwa shimo kama chembe za weldi, na shimo lenyewe linakuwa pana juu na jembamba chini. Ndiyo maana wanapuliza gesi pembeni ya mwanga, oksijeni ikiwa wanataka haraka, naitrojeni wakitaka kusiungue. Shimo likiwa kubwa kidogo hawapigi mahali pamoja, wanazungusha mwanga kwenye duara. Na kama ni paipu wanajaza kitu ndani, manake mwanga ukishatoboa upande huu hausimami, unaenda kuchoma ukuta wa pili, hiyo watu wa video hawakuonyeshi.

Dawa ya uchafu huo ni kufupisha pigo. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Chuo Kikuu cha Rochester huko Marekani, walipata njia ya kulirefusha pigo la mwanga kwanza, kuliongezea nguvu, halafu kulibana tena liwe fupi, na wakapewa tuzo ya Nobeli ya fizikia 2018. Leo kuna mapigo ya femtosekunde 100 (femtosekunde moja ni sekunde ukiigawanya mara milioni bilioni), muda ambao mwanga wenyewe, na vile unakimbia, unasafiri mikroni 30 tu, yaani milimita 0.03. Pigo linaisha kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa kwenye chuma, kwa hivyo chuma kidogo sana kinaondoka na kingo zinabaki safi. Kila pigo linatoa kidogo mno lakini, na mashine ni ghali ajabu, so kwa vitundu vingi vya kawaida bado watu wanatumia mapigo marefu na wanavumilia uchafu kidogo.

By the way hii mambo si ya juzi. Theodore Maiman, mwanafizikia Mmarekani, aliwasha leza ya kwanza 1960, na miaka ile ya mwanzo walikuwa wanapima nguvu yake kwa Gillette, yaani wembe ngapi zimetoboka kwa pigo moja, na mimi naona hicho kipimo ni kizuri kuliko vingi vya leo. Kufikia 1965 Western Electric, kampuni ya Marekani ya vifaa vya simu, walikuwa wanaitumia kutoboa almasi za kuvutia waya, yaani zile ambazo waya unapitishwa tunduni uwe mwembamba.

Na usijaribu kujiundia moja nyuma ya wakshopu. Leza nyingi za chuma mwanga wake una wimbi la urefu wa mikroni moja hivi, jicho haliuoni huo mwanga lakini unapita moja kwa moja hadi nyuma ya jicho, miwani ya weldi siyo ya hiyo kazi, na moshi wa stenlesi una kromiamu ambayo hutaki kwenye mapafu.

Yule mzee nilimwambia anunue wavu wa stenlesi wa kufumwa. Ni bei ya kawaida, unakatwa kwa mkasi, na kwa kuchuja nywele na nyasi kwenye maziwa hana haja ya leza ya mtu.