Laptopu Yangu Haikuhitaji RAM

Kila niliyemlalamikia kwamba laptopu yangu imekuwa nzito alinijibu hivyohivyo: ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), weka SSD (diski ya kasi). Ushauri mzuri, ila SSD ilikuwamo tayari, na RAM ya gigabaiti 16 haikuwa ikijaa hata nusu. Isitoshe, mashine ikiwashwa ilikuwa inakimbia vizuri tu. Tabu ilianza nikihariri video: dakika chache, feni inapiga kelele, kipanya kinakwamakwama.

Mashine inayoanza na nguvu kisha ikaishiwa, mtu wa kwanza wa kumshuku ni joto. Kabla ya kununua chochote niliweka programu ndogo inayoonyesha nyuzi joto na kasi ya prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote, kwa pamoja, nikaitwisha kazi nzito, nikakaa kutazama. Ilianza kwa gigahezi 3.4. Joto likapanda 80, 90, likagusa 97, na papo hapo kasi ikaporomoka hadi 1.2. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 hivi. Zikikikaribia hujipunguzia kasi zenyewe zisije zikaungua. Nguvu ninayo, basi, ila imefungiwa breki.

Nikafungua mfuniko wa chini. Jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, kabla bisibisi haijagusa kingine chochote. Feni yenyewe haikuwa chafu sana. Ukichungulia kwa nje ungesema mambo safi. Uchafu ulijificha nyuma yake, mbele ya yale mapezi membamba ambako hewa ya moto hutokea. Vumbi lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi, nikalibandua zima kwa kibano. Ndiyo maana kupuliza kwa nje hakunisaidia: hewa ilikuwa inalisukuma vumbi ndani kidogo, kisha feni inalirudisha palepale.

Chini ya bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa, pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Wengi hudhani pesti ikiwa nyingi ndiyo bora. Lakini shaba hupitisha joto vizuri kuliko pesti yoyote. Kazi ya pesti ni kuziba mianya midogo ya hewa kati ya prosesa na shaba, basi. Niliifuta kwa spiriti mpaka uso wa prosesa ukang'aa, nikaweka tone dogo, nikarudisha skrubu kidogokidogo kwa kufuata namba 1 hadi 4 zilizochapwa kando yake. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, bapa la shaba linakaa upande.

Joto linazisumbua hata kompyuta kuu, zile kubwa za utafiti. Cray-1 ya mwaka 1976 ilipozwa kwa freoni, ile ile ya majokofu ya enzi hizo. Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Frontier ya Oak Ridge, Marekani, iliyokuwa ya kwanza kuvuka eksaflopu 1 (hesabu bilioni bilioni kwa sekunde) kwenye orodha ya kompyuta kuu mwaka 2022, ilitumia megawati zipatazo 21, na karibu zote zinaishia kuwa joto la kuondolewa kwa maji. Hata prosesa za kawaida ziligota hapo: mwaka 2004 Intel waliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4.

Baada ya usafi, jaribio lile lile lilitulia kwenye gigahezi 2.9 na nyuzi 86. Inatosha, ila kwa video ndefu bado nilitaka ipoe zaidi. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nilishusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana kama mzaha, lakini kwenye prosesa nyingi ile asilimia moja huzima turbo, yaani kasi ya ziada ya muda mfupi. Turbo huongeza kasi kwa kupandisha volti, na umeme unaotumika hupanda kwa mraba wa volti. Kwa hiyo kipande cha mwisho cha kasi ndicho ghali kuliko vyote. Kwangu joto lilishuka hadi 71, na video ikachelewa kidogo sana.

Kwa kazi fupi nairudisha 100. Turbo ilitengenezwa kwa ajili ya kazi hizo: inachomoka, inamaliza, inatulia kabla joto halijafika juu.