Nilivyopunguza kifusi kwenye ujenzi wa mlimani, Mabatini

Ukijenga mlimani Mabatini, jijini Mwanza, kifusi kina njia mbili: kishushwe kwa karai hadi tipa linapoishia, au mvua ikisombe hadi Mto Mirongo, na Mirongo unaingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo kwenye nyumba niliyosimamia nilianza na kuzuia mabaki yasitokee.

Nondo ndizo zilizolipa zaidi. Kabla fundi hajashika msumeno nilimpa orodha ya vipande. Nondo ya mita 12 ukiitoa vipande vitatu vya nguzo vya mita 3.5, inabaki mita 1.5. Hiyo inatosha linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, kwa dirisha la mita 1.2, ikikalia ukuta sentimita 15 kila upande. Ringi, yaani chuma kinachozungushwa kufunga nondo pamoja, ya sentimita 15 kwa 25 inakula mita 1 pamoja na kulabu. Nondo moja ya milimita 8 inatoa 12, hakibaki kitu. Fundi akikata kwa kukadiria, vipande hivyo vyote vinaishia kwenye chuma chakavu kwa bei ya kutupa.

Saruji na mchanga tulikoroga nusu mfuko kwa mara moja, uwiano wa 1 kwa 6, na kufunika kwa gunia lililoloa. Ikipita saa moja na nusu juani, saruji imeshaanza kushikana. Kuongeza maji ili ilainike ni kudhoofisha ukuta, nami sikuruhusu hata mara moja.

Tofali nyingi huvunjikia begani kwa wapandishaji, hasa zilizomwagiliwa chini ya siku saba. Vipande tulivishindilia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, pamoja na mawe. Hapo uangalifu unahitajika: mbao na mifuko visiingie kamwe. Vinaoza, vinaacha uwazi, sakafu inatitia na kupasuka. Mbao huita na mchwa.

Maji ya kuoshea makarai na koleo ndiyo yanayosahaulika, na ndiyo mabaya zaidi kwa ziwa. Saruji huyafanya makali, yanachoma ngozi na kuua samaki. Tulichimba shimo la mita 1 kwa 1, kina sentimita 50, upande wa juu wa kiwanja, tukatandika turubai zima. Tope likituama, maji ya juu yanachotwa kuoshea vifaa kesho yake. Tope lenyewe nilikwangua kila Jumamosi. Likishakauka gumu, linaingia chini ya jamvi la choo.