Aliyesema mara ya mwisho alifanywaje?

Kigoma, Jumatano usiku

Leo kwenye semina tumehimizwa tuwe jasiri. Mwezeshaji, kijana wa suti na maneno matamu, anasema muuguzi anayeona hatari kwa mgonjwa akanyamaza amekosa ujasiri. Nimekunywa soda yangu bila neno. Kazini mtu hajiulizi kama ana moyo mgumu. Anajiuliza yule aliyesema mara ya mwisho alifanywaje.

Na majibu huwa tunayo. Katika kituo nilichowahi kufanya kazi, mwenzetu alimwambia daktari, mbele ya ndugu, kwamba dozi iliyoandikwa kwenye faili la mtoto ni ya mtu mzima. Dozi ikabadilishwa. Naye akabadilishiwa: ratiba ya mwezi uliofuata ikamjaza zamu za usiku. Hakuna aliyetamka kwamba ni adhabu, wala haikuwa na haja. Ratiba ilibandikwa ukutani na wodi nzima tuliisoma.

Sanduku la maoni? Lipo, lina kufuli, na ufunguo anao inchaji, mkuu wa wodi.

Lakini majuzi nimeona kingine. Wodi ya wazazi, akina mama wawili, wote Zaituni, vitanda vinatazamana. Mmoja alikuwa ametoka damu nyingi baada ya kujifungua, na mfuko wa damu ulishaning'inizwa. Mama mhudumu anapiga deki. Akasimama, dekio mkononi: "Samahani daktari, Zaituni wa kuongezewa damu si yule wa Kibirizi? Huyu katoka Ujiji."

Daktari alishusha mfuko kabla hata hajajibu. Kundi B. Faili la Zaituni wa Ujiji linasema O. Damu ya B ikiingia kwa mtu wa O, mwili unaivunjavunja humo humo mishipani. Figo zinaweza kugoma, na mtu akafa.

Akasema, "Ahsante sana, mama." Kesho yake kwenye kikao cha ripoti ya asubuhi akalieleza mwenyewe, bila kulipaka rangi. Siku hiyo hiyo Zaituni mmoja akahamishwa kitanda, na sasa mfuko hauning'inizwi mpaka watu wawili wausome pamoja na faili, na mgonjwa aulizwe ajitaje mwenyewe jina lote. Mama yule naye siku hizi anauliza kila kitu, hadi baadhi yetu wanakunja uso. Mimi namwacha aulize.

Nimekumbuka ile orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane, mmojawapo Ifakara, hapa hapa nchini. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Watu husifu zile tiki. Mimi nakipenda kipengele ambacho wengi hukiruka: kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Aliyekwisha kutoa sauti mara moja, hata kama ni kujitaja tu, hashikwi na kigugumizi akiona jambo haliendi sawa.

Ratiba ya mwezi ujao napanga mimi. Wahudumu nimewaandika nao kwenye ripoti ya asubuhi. Matroni amelalamika viti havitoshi, na kweli havitoshi. Tutaazima benchi la kliniki ya watoto.